Fisi wa Ukoo Wetu

Kama unataka ngano ya kubembelezea watoto, umekosea mlango. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kichwa kikiwa kizima, sina homa, na mirungi sijawahi kuonja. Najua utacheka. Sokoni Garissa wananicheka mpaka leo. Kuna mwenzangu mmoja, muuza maziwa kama mimi, akiniona tu huwaambia wateja, "Huyu mama, fisi ni adeer yake! Msilete mchezo na yeye!" Adeer kwetu ni ndugu wa baba. Mwache acheke. Hajasema uongo.

Ilikuwa miaka ya tisini, ukame ule ulipotukausha sote. Nilikuwa nakaa Waberi, mtaa wa hapa Garissa, na kuuza maziwa ya ngamia, mara nyingine nikiyafikisha mpaka Dagahaley, kambi ya wakimbizi ikiwa bado changa. Nikaletewa habari kwamba Eddo, dada wa baba yangu, amebaki peke yake chini ya milima, mbele ya Takaba, wanawe wamehama na mbuzi kutafuta malisho upande wa Ethiopia. Nikapanda lori la mifugo kwenda kumchukua.

Eddo alikuwa mrefu, mkavu, magoti yamekwisha, lakini ulimi haujachoka hata kidogo. Nilimkuta amekaa kivulini kwa ngamia wake wa mwisho, jike aitwaye Ambaro, mwenye ndama anayenyonya. Ambaro alikuwa amelala. Ngamia akikataa kusimama mchana kweupe, kila mfugaji anajua kinachofuata.

"Eddo, twende Garissa," nikamwambia.

"Ambaro akiinuka, nitainuka. Akifa, mnizike hapa."

Hakuwa anatania. Maji ya kunywa alikuwa akigawana na ndama, na yeye alikuwa akichukua fungu dogo. Bwawa la chini lilikuwa limebaki matope yaliyopasuka. Nikawauliza majirani, hakuna maji mengine? Wakatazamana. Mwishowe mwanamke mmoja akaelekeza kidevu mlimani. Huko juu, akasema, kuna kijiji cha kale kilichohamwa, na kuna bwawa lililochongwa ndani ya jabali. Halikauki.

"Sasa kwa nini mnakaa na kiu?"

"Kuna mtu."

"Mtu tu?"

"Mchana ni mtu."

Nikaelewa. Watoto wote wa kwetu wanamjua qori ismaris, mtu anayejisugua kwa fimbo jua likizama, akawa fisi, na alfajiri akajisugua tena akarudi mtu. Walikuwa wamepoteza mbuzi, walikuwa wamepoteza punda, na mchungaji mmoja alirudi hajui jina lake. Basi wote wakakaa chini wakiyatazama maji kwa mbali. Nilikasirika, wallahi. Nilikasirika kuliko nilivyoogopa.

Tulimwinua Ambaro kwa kamba, wanawake wote wa pale, tukimsukuma matakoni na kumtukana kwa mapenzi. Ndama tulimfunga nyumbani ili mama asisahau njia ya kurudi. Nikaondoka naye mchana, nikijua nitarudi kabla ya jua kuzama. Hapo nilikosea hesabu, maana ngamia dhaifu hapandi mlima, anaubembeleza.

Njia ile ilikuwa nzuri, usidhani kila kitu cha kutisha kina sura mbaya. Ilizunguka mlima kati ya mawe mekundu na miti ya ubani, na kila tulipopinda uliona nchi yote chini, bapa mpaka mwisho wa macho. Juu tulikuta kijiji. Kuta za mawe zinafika kiunoni, majiko bado meusi, na msikiti usio na paa ambao kibla chake kilikuwa wazi kabisa. Nyuma ya msikiti, maji. Mengi! Yamelala kimya ndani ya jabali, ya kijani, baridi. Nililia. Ambaro hakulia, alitia mdomo akaanza kunywa.

Umewahi kumtazama ngamia mwenye kiu akinywa? Huwezi kumharakisha. Ukimvuta umemuua. Kwa hiyo nilisimama pale nikiangalia jua likishuka na ngamia akinywa, jua likishuka na ngamia akinywa, mpaka likazama. Nikatawadha, nikasali magharibi ndani ya kuta zile. Nilipotoa salamu ya mwisho nikamwona amesimama kando ya bwawa.

Alikuwa mzee nadhifu, shati jeupe, kikoi kimefungwa vizuri. Hana ngamia, hana mbuzi, hana hata kibuyu cha maji. Ana fimbo tu, laini, inang'aa kwa kushikwa. Ambaro aliacha kunywa. Aliinua shingo, maji yakimdondoka mdomoni, na miguu yake yote ikaanza kutetemeka.

Tulisema Kisomali, nakupa kwa Kiswahili.

"Ngamia mzuri," akasema. "Ana maziwa?"

"Kidogo."

"Na wewe umekuja peke yako?"

Sauti yake ilikuwa ya adabu. Huku akiuliza, alishusha fimbo begani akaanza kuisugua mgongoni, taratibu, kama mtu anayejikuna. Mabega yakapanda. Shingo ikajaa. Manyoya yalitokeza kwenye ukosi wa shati, na harufu ikanijia, ile ya mzoga uliokaa juani. Uso ulikuwa bado wa binadamu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, maana uso ule ulikuwa unaona haya.

Nikimbie? Mwanamke mwenye gauni refu na ndara, ashindane na fisi kwenye mawe? Na Ambaro nimwache kwa nani? Nilimwona Eddo akilini mwangu, amekaa kule chini na kamba tupu mikononi. Hasira ikanipanda upya, na kinywa changu kikafanya kilichozoea. Kwetu ukikutana na mtu njiani humwulizi anakaa wapi wala anafanya kazi gani. Unamwuliza ukoo.

"Wewe mzee!" nikamfokea. "Mtoto wa nani wewe?"

Mkono wake ukasimama.

Niamini, Msomali ukimwuliza nasaba hawezi kunyamaza, hata akiwa na mfupa mdomoni. Alifungua kinywa, meno yakiwa tayari si ya mtu, akaanza. Mwanzoni kwa kukoroma, kama anayechimba kitu kilichofukiwa. "Hussein," akasema. "Hussein wa Nur. Nur wa Samatar. Samatar wa Abdille." Akasita. "Abdille Lugey."

Lugey maana yake kiguru. Abdille Kiguru! Nywele zilinisimama, na safari hii si kwa woga. Bibi yangu alinifundisha majina hayo akisukasuka maziwa, na nikikosea ananipiga kibao cha mgongo.

Nikasogea hatua mbele. "Baba yangu ni Omar," nikasema kwa sauti. "Omar wa Ali. Ali wa Hersi. Na Hersi ni wa Abdille, Abdille huyo huyo mwenye mguu mfupi!"

Akanitazama. Nikaendelea na baba yake Abdille, naye akanifuata. Tukawataja mababu waliobaki kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, sauti mbili gizani juu ya maji, na kila jina lilipotoka mabega yake yalishuka. Tulipofika kwa yule wa mwanzo kabisa, fimbo ilikuwa chini.

"Adeer," nikamwambia. "Adeer Hussein. Ngamia huyu ni wa binti wa Ali. Ni ngamia wa damu yako. Utamla?"

Alikaa chini juu ya jabali akajifunika uso kwa mikono. Mikono ilikuwa bado na kucha ndefu. "Tangu nije huku," akasema, "kila mtu ananikimbia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni wa nani."

Basi nikaona nimeshinda, na mimi nikishinda siachi nusu. Nikamwambia amsubiri ngamia amalize kunywa. Akasubiri. Nikamwambia kesho watakuja watu wa ukoo na mifugo yao, asimguse hata mwana-mbuzi. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia atusindikize. Akatusindikiza! Nilishuka mlima ule gizani nikiongoza ngamia aliyeshiba maji, na mbele yetu anatembea mzee Hussein, na fisi wengine wanalia pande zote wasithubutu kusogea. Nilikuwa nataka kuimba. Kwa kweli niliimba, ule wimbo wa kunyweshea ngamia, na nadhani nilisikia mtu mbele yangu akiitikia.

Kwenye ua wa miba alisimama. Hakutaka kuingia. Asubuhi Eddo alizitazama nyayo, za mtu zikija, za fisi zikirudi, na nilipomtajia jina akakaa mchangani kwa kishindo. Yeye na Hussein walikuwa wakichunga pamoja utotoni. Mifugo yake ilikufa katika ukame wa zamani, akaona aibu kuomba, akaondoka. "Tulimsomea hitima," akasema Eddo. Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi sikulitegemea. Akaagiza apakiwe juu ya Ambaro, magoti yale yale, akabeba chombo cha maziwa ya kwanza aliyokamua, akapanda mlimani akiongoza kijiji kizima na mifugo yao, akiita kwa sauti kila alipopinda, "Hussein Nur! Walaal! Ndugu yangu! Ni mimi!"

Hatukumwona. Lakini chombo tulichokiacha msikitini, kesho yake tulikikuta kitupu, kimeoshwa, kimefunikwa. Maji yale yaliwanywesha watu na wanyama mpaka mvua ziliponyesha, na hakuna aliyepoteza hata mbuzi. Eddo hakuja Garissa. Alikufa baadaye kwa uzee, kitandani mwake, ngamia wake wakiwa wameongezeka. Na kila kiangazi pale bado wanapandisha maziwa.

Mimi nimebaki na kitu kimoja: kila jua likizama nasikia harufu ile, popote nilipo, hata Waberi katikati ya watu. Siogopi. Namjibu Adeer salamu yake, basi.

Sasa wewe unayecheka. Watoto wako wanajua wachezaji wote wa mpira wa Ulaya. Waulize babu wa babu yao anaitwa nani. Wafundishe leo, na kama hujui, nenda ukaulize kabla wazee hawajaisha. Na ukikutana njiani na mtu unayemwogopa, jua likizama, usimpe mgongo. Muulize ni mtoto wa nani, kisha usimame umsikilize mpaka amalize.