Mtego Niliomchorea Mjomba wa Bibi Harusi

Nakumbuka siku Furaha, aliyekuwa karibu kuolewa, alipokuja na kadi iliyokunjwa mkononi, akaniuliza nilikuwa nimemwambia nini mjomba wake. Mwanangu, sikuelewa swali. Sikuwa nimeandika kitu zaidi ya majina, kanisa na saa.

Nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema, nikitangatanga kati ya Basoko na Kisangani, nikijifunza lolote lililopita mbele yangu. Mwaka ule nilishikwa na hamu ya karatasi: kuikata, kuikunja, kuichora. Kadi za harusi zilitoka kwa mpiga chapa zote zikifanana. Furaha akataka zake zifanywe kwa mkono, kila mgeni na yake. Nilifurahi kupita kiasi. Nikachora mtumbwi, ua, kasuku, chochote kilichonijia kichwani, nikagawa bila kuuliza nani ni nani.

Mjomba wake, Tonton Bolema, aliangukia kadi yenye mtego wa samaki, ule mkubwa wa miti wa wavuvi Wagenia. Nilikaa na mchoro huo siku mbili. Ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Lakini kwao mjomba ndiye anayemtoa bibi harusi, kwa neno lake mwenyewe, na majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba anamtumia mpwa wake kunasa wakwe wenye mali. Sasa analetewa mtego. Akarudisha kadi, akasema hatakuja. Bila yeye hakuna harusi, na zilibaki siku tano.

Furaha aliniachia kadi mkononi, akaondoka. Nilitamani anitukane.

Nikavuka mto kwenda kwa Tonton. Nilimkuta akimenya muhogo. Nikajieleza kwamba nilichora mtego kwa sababu unapendeza, basi. Hakukasirika, na hilo likanichanganya zaidi.

"Miye iko mutu ya Yahuma," akasema. "Nalimaka. Mutego ya samaki inaniangalia nini? Ulishanionaka fasi gani?"

Nikakiri kwamba sikujua ni mkulima asiyehusika na mitego, wala sijawahi kumwona.

"Bon. Donc ulichora mutu haumujue." Akanisogezea kigoda. "Ikala. Uniulize sasa."

Nikauliza. Akanisimulia jinsi Furaha, alipokuwa mdogo, alivyomngoja njiani kila alipotoka shambani, akampokea jembe lililomshinda uzito, akaliburuta mpaka nyumbani. Nikalichora hapo hapo gotini, juu ya kadi mpya.

"Hii jembe iko sawa kijiko," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Alikuja harusini, akatoa neno lake, kadi ikiwa mfukoni mwa shati. Mpaka leo sijui kilichomleta: ule mchoro, au kule kuulizwa. Kadi nzuri ilimfukuza, kadi mbaya ikamleta. Nimezeeka nikilizungusha jambo hili kichwani, na bado sijalimaliza.

Lakini hili nalijua, mwanangu. Buni. Usiogope kufanya kadi ambayo haijawahi kufanywa. Simu yako ina maua mengi yaliyokwisha kuchorwa, na mengine ni mazuri kuliko yangu, ila hayamjui shangazi yako. Kabla hujashika mkasi, nenda ukakae na yule unayemwalika, umuulize, umsikilize mpaka mwisho. Ukishindwa kuchora vizuri, chora hivyo hivyo.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira ya kuwasikia watu, na siku utakapoita, uliowaita wasikose hata mmoja.