Ubao wa Kwanza wa Fundi Alfonsi

Fundi Alfonsi wa Keko alikuwa na tabia moja iliyomchekesha mkewe Apolonia miaka yote: kitu ambacho hajawahi kukitengeneza, hukitengeneza mara mbili. Cha kwanza cha kujifunzia, kinabaki kwake. Cha pili ndicho cha mteja. Basi mwaka 1954 Revelian, kijana wa Kihaya aliyekuwa akisoma chuoni Kampala, alipoagiza ubao wa mninga wenye matundu kumi na vipande kumi vya kuyajaza, zikatoka mbao mbili.

Kijana alieleza kazi yake kwa heshima zote. Alikuwa akisoma saikolojia, elimu ya namna watu wanavyofikiri, na alitaka kupima kwa saa watoto wa Keko wangechukua muda gani kujaza matundu yale.

"Vitabu vinasema watoto wetu ni wazito kwenye maumbo, fundi. Mie nataka nijionee mwenyewe."

Neno hilo "wazito" lilimchoma Alfonsi. Binti yake Bernadeta, wa miaka minane, alishaitwa hivyo shuleni mbele ya wenzake. Ubao wa mteja ukaenda na mwenyewe. Ule wa kwanza Alfonsi akauweka kibarazani, akaita watoto wa majirani. Wiki tatu akawafundisha: nyota hapa, pembetatu pale, aliyekosea arudie. Wala hakujiona anadanganya mtu. Alijiona baba.

Siku ya kupimwa watoto walijaza matundu upesi mpaka Revelian akaitazama saa yake mara mbili. Bernadeta hakuangalia hata vidole vyake. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda zake Kampala.

Miezi saba baadaye akarudi na cheti. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wamesoma tafiti zao kwenye mkutano wa vyuo, na ya Keko ndiyo iliyopewa tuzo ya kwanza.

"Shikamoo, Baba Bernadeta. Nakuomba unitengenezee fremu. Na furaha haikuishia hapo. Wakubwa wa elimu wameuchukua muda wa watoto wenu ndio uwe kipimo. Mwakani kinapelekwa kusini, mpaka kwenu Masasi. Atakayeshindwa kuufikia atawekwa darasa la wazito."

Alfonsi aliitikia marahaba, akachukua vipimo vya cheti, akasema siku tatu. Masasi alikuwa na dada yake Adelina, na Adelina alikuwa na watoto wanne ambao hawajawahi kushika ubao wa namna ile.

Zilikuwa siku mbaya. Apolonia alishatangaza habari, na majirani walipita mmoja mmoja kumpa fundi mkono kwa kuwa Keko imetajwa Kampala. Kila mkono alioushika ulimwongezea aibu. Kona ya fremu aliikata vibaya mara mbili, jambo ambalo halikumpata tangu alipokuwa mwanagenzi. Alifikiria kunyamaza. Alifikiria pia kumwandikia Adelina achongeshe ubao kama ule, wanawe wajizoeze mapema, na hapo ndipo alipojichukia kabisa.

Revelian alipokuja, Alfonsi aliweka fremu juu ya meza ya kazi, na kando yake akaweka ule ubao wa kwanza. Kingo za matundu zilikuwa zimelainika kwa vidole vya watoto.

"Wiki tatu," alisema. "Niliwafundisha mie mwenyewe. Lile neno lako liliniuma, bwana Revelian. Nisamehe."

Kijana aliugeuza ubao, akautazama nyuma na mbele, kisha akaketi juu ya gogo. 

"Nilimwona Bernadeta haangalii vidole," alisema. "Niliona, fundi. Sikuuliza kwa sababu nilizitaka zile sekunde."

Hakuna aliyeweza kumtazama mwenziwe. Mwishowe Revelian akasema ataandika barua chuoni siku hiyo hiyo, waufute muda ule na cheti chao wakichukue. Akaomba aende na ubao ule uwe ushahidi. Alfonsi akaanza kuufunga kwa gunia.

Bernadeta alikuwa ametoka shule, amesimama mlangoni na kibao chake cha kuandikia kwapani. Aliutazama ubao ukifungwa kamba.

"Baba, ubao wetu unaondolewa kwa nini? Hatukufanya vizuri?"

Alfonsi aliinama. Akaanza kuzoa maranda sakafuni, pahala ambapo alishafagia asubuhi.