Uji Ulinuka Moshi?

Maktaba ya kijiji, hapa Karatu, ni chumba kimoja chenye meza na dirisha. Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya kuazima vitabu, mzee wa mbele yangu alipochomoa riwaya ya upelelezi ndani ya koti na kumpa mtunza maktaba.

"Mwanangu, nisomee ukurasa wa mwisho tu. Nani alimuua yule tajiri?"

"Kitabu hiki alikiazima mkeo, mzee."

"Ndiye hunisomea jioni. Yeye alimaliza kisomo cha watu wazima, mimi nilikataa kwenda. Jana nilisema uji unanuka moshi, akafunga kitabu. Anasema hakifunguliwi tena."

Foleni ikacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Muuaji namjua. Nimeshakisoma."

Mzee akageuka, akavua kofia. "Nani, mama?"

"Kwanza niambie, uji ulinuka moshi?"

Mzee akatazama dari. "Haukunuka."

"Haya, nenda kamwambie aliyeupika. Atakusomea."

Akakichukua kitabu kwa mtunza maktaba, akakirudisha ndani ya koti, akatoka mbio.

Wakubwa wakija kijijini huuliza kisomo kimewasaidia nini kina mama. Wangeanza kwa kuwauliza kina baba uji ulikuwaje.