Mume wa Mama Mkwe

Mwanangu alipozaliwa, mama mkwe alimbeba kabla hata mimi sijamtazama vizuri, akaitangazia wodi nzima kwamba mume wake amerudi. Kwetu ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kiume, na huyu tulimpa jina la babu yake. Kila asubuhi nilisikia akimsalimia, "Mwangaluka, mume wangu!"

Kisha majirani zetu wa Somanda wakaanza kuchungulia. Macho yamepanda, pua imebonyea, ulimi hautulii mdomoni, wenzake wanakaa, yeye shingo bado haijakaza. Mmoja akashauri tumpeleke Nkoma kwa mganga. Mama mkwe akaacha kumwita mume. Tukitoka, anamfunika uso kwa kitenge, jua liwepo lisiwepo. Hicho kitenge kiliniuma kuliko maneno ya mtaa mzima. Nikasema mganga simtaki, tunakwenda hospitali, na yeye anakuja, apende asipende.

Daktari alimfunua mwenyewe. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akamkazia macho mama mkwe mpaka akakasirika.

"Unatafuta nini usoni kwangu, baba?"

"Naanza na ninyi, bibi. Huenda ni sura ya ukoo tu. Haya masikio, kwa mfano, ni yako."

Mama mkwe akajishika sikio.

Lakini yale macho hayakuwa ya mtu yeyote kwetu, wala ule mstari mmoja uliokatiza kiganja, wala ule mwili mlegevu uliokuwa ukiteleza mikononi. Moyo ukapimwa, damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka tukaitwa tena. Mtoto amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, daktari akasema. Atakaa, atatembea, ila kwa kuchelewa, na mazoezi yaanze leo. Nikauliza nani kasababisha.

"Hakuna. Si wewe, si baba yake, wala hajarogwa."

Nililia, ndiyo. Nani asingelia? Nikafuta uso, tukatoka.

Kijiweni kwa bodaboda, mama mkwe akamfunika tena. Nikafunua. Akafunika. Nikafunua.

"Mama, kama mumeo unamwonea aibu, dai talaka hapa hapa, watu wasikie!"

Waendesha pikipiki wote wakageuka. Mkamwana anamfokea mama mkwe hadharani! Hata mimi nilijishangaa, lakini sikuwa tayari kuomba radhi kwa neno hata moja.

Mama mkwe akamwinamia mtoto. Mtoto akawa anamtazama tu, ulimi nje.

"Talaka," akasema mwishowe. "Na ng'ombe wa mahari watarudishwa na nani?"

Akamchukua mikononi mwangu, kitenge akakitupia begani, akawageukia wale vijana na mtoto uso mbele.

"Mnatazama nini? Hamjawahi kuona mume wa mtu?"