Libérat Niyonsaba na mlango wa Luvungi

Libérat Niyonsaba hakupenda kusema "huyu anasema kwamba". Kwa miaka minane alikuwa mkalimani wa tribunal, mahakama ya Uvira, na kila siku ya kesi alisimama kati ya juge, yaani hakimu, na mshtakiwa akisema maneno ya kila mmoja kana kwamba ni yake. Mwizi akikiri kwa Kirundi, Libérat aligeuka na kusema kwa Kifaransa: niliiba. Juge akikasirika, Libérat naye alikunja uso kidogo. Jioni, akimwekea maji ya kunawa, mke wake Kankindi alizoea kumuuliza leo ameiba mara ngapi na amejifunga miaka mingapi. Libérat alicheka, lakini hakuacha. Aliwaambia waliomtania kwamba mtu akisimama mbele ya juge ana mdomo mmoja tu, na siku hiyo mdomo huo ni Libérat.

Alizaliwa Runingu, katika bonde la Ruzizi, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba na mihogo waliosema Kirundi. Kifuliiru alikipata kwa wenzake wa kuchunga ng'ombe, Kiswahili akakipata sokoni Uvira, na Kifaransa kwa padri mmoja aliyemtumia kutafsiri mahubiri yake kila Jumapili. Padri huyo alipenda sentensi ndefu na hakuwa na subira, hivyo Libérat alijifunza kubeba sentensi nzima kichwani bila kuangusha hata neno. Alipopata kazi ya tribunal alikuwa na miaka ishirini na sita na shati moja jeupe, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba kazi ile aliiweza kuliko mtu yeyote kati ya Luvungi na ziwa.

Mwaka 1954, mwezi wa nane, ililetwa kesi ya vijana wawili, Gratien na Félicien. Walikuwa wa Runingu pia, mmoja wa miaka kumi na tisa, mwingine ishirini. Jumapili moja, watu wakiwa misani, waliingia katika duka la mfanyabiashara aitwaye Pierre, pale Luvungi, wakatoka na vitenge, taa ya mafuta na koti la kiume. Hawakufika mbali. Walikamatwa barabarani mchana uleule, Félicien amelivaa lile koti kwenye jua kali.

Walikuwa hawajawahi kushtakiwa kwa jambo lolote. Lakini maandishi ya polisi yalikuwa mabaya kwao. Yalisema: tulifungua mlango, tukaingia. Na kwa kuwa kufuli lilikutwa chini, aliyeandika alimalizia kwamba wamelivunja. Kuiba ni kosa moja. Kuiba kwa kuvunja ni kosa lingine, na miaka yake ni mingi zaidi. Substitut, mzungu aliyeshtaki kwa niaba ya serikali, aliomba kila mmoja afungwe miaka mitano.

Juge alikuwa mzungu wa makamo aliyeshuka kutoka Bukavu kila baada ya miezi kadhaa, mtu wa maneno machache. Alimuuliza Gratien waliingiaje. Kiswahili cha Gratien kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo akajibu kwa Kirundi, na katika jibu lake mlikuwa na neno "twarugaye".

"Tulifunga mlango," Libérat akasema kwa Kifaransa.

Juge akainua macho kutoka kwenye makaratasi. Hapa, alisema, imeandikwa kwamba walifungua. Libérat akamrudishia Gratien swali. Gratien akarudia neno lilelile, kisha akaeleza kwamba mlango waliukuta umeegeshwa, wakaingia, wakaufunga nyuma yao ili wapita njia wasiwaone. Libérat akayasema yote, pamoja na hilo la kujificha.

Substitut akasimama. Alisema mshtakiwa amepata muda wa kutosha gerezani kutunga hadithi mpya. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamkumbusha juge kwamba mkalimani na washtakiwa wanatoka kijiji kimoja. Juge akamwambia Libérat afuate maandishi.

Watu waliojaa kwenye mabenchi hawakuelewa Kifaransa, lakini waliona shingo ya Libérat ikinyooka. Mkalimani hakuruhusiwa kusema lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane, Libérat alisema lake.

"Bwana juge, mimi ninafuata mdomo wa huyu. Kwa Kirundi, kufunga ni kwugara na kufungua ni kwugurura. Polisi aliyeandika hajui Kirundi, alitafsiriwa na mpita njia. Kama inaonekana ninawasaidia watu wa kwetu, aitwe mtu mwingine yeyote, aulizwe bila mimi."

Juge akamwambia ayaandike maneno yale mawili kwenye karatasi, kama amri, ampe karani, kisha akae chini asitoe hata sauti. Karani, Eugène, alikuwa mtu wa Albertville na hakujua Kirundi hata cha salamu. Polisi wa zamu akatumwa nje amlete mtu wa kwanza atakayemjibu kwa lugha hiyo.

Akarudi na mama muuza mawese, Generose, ambaye hakuambiwa ameitiwa nini. Eugène akasoma neno la kwanza, matamshi yake yamepinda vibaya: "Ugara."

Generose akamwangalia, akawaangalia wazungu wawili, akarudi hadi mlango wa tribunal na kuusukuma mpaka ukafunga. Chumba kikaingia giza kidogo.

"Ugurura," Eugène akasoma.

Akaufungua. Akasubiri, na alipoona hapewi neno la tatu, akaomba ruhusa aende kwa sababu mawese yake yalikuwa juani.

Mabenchi yalicheka. Juge hakucheka, ila aliomba kufuli. Lilikuwa mezani tangu asubuhi, limefungwa karatasi yenye namba, na hakuna aliyekuwa ameligusa. Juge akalibana kwa vidole viwili, likaachia lenyewe. Halikuwa na alama ya nyundo wala ya chuma. Akaitwa Pierre, mwenye duka, akaja akizungusha kofia yake mikononi.

"Kufuli ile iko mubovu tangu wiki mbili," Pierre alisema. "Minye nilikuwa naitundika tu, watu waone mulango iko na kufuli. Ile siku sijui kama nilivuta mulango muzuri. Kengele ya misa ilikuwa imelia."

Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Shtaka la kuvunja likaanguka hapo. Wizi ulibaki, na wizi wenyewe hakuna aliyeukana. Juge akawauliza vijana kama wana la kusema kabla hajapanga adhabu. Gratien aliomba msamaha kwa Pierre kwanza, halafu kwa juge. Félicien alisimama akasema kwa muda mrefu kidogo, na Libérat akamsikiliza mpaka mwisho. Félicien alisema wazo lilikuwa lake. Gratien alikuwa amelikataa mara mbili. Na kama wasingekamatwa, yeye Félicien angerudi kwenye duka lile Jumapili iliyofuata, kwa kuwa aliona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kati ya watu wa mezani, hakuna aliyejua Kirundi isipokuwa mkalimani. Kwenye benchi la mbele alikaa mama yake Félicien, Marie-Jeanne, ambaye alikuwa ameelewa kila neno. Alimkazia Libérat macho na kutikisa kichwa polepole. Libérat alimwona. Akageuka kwa juge.

"Wazo lilikuwa langu," alisema, "Gratien alilikataa mara mbili. Ningerudi Jumapili iliyofuata, kwa sababu niliona ni rahisi."

Juge aliandika kwa muda. Kisha akasema kwamba wote wawili ni mara yao ya kwanza, na kwamba hatawapeleka vijana miaka mitano kukaa na wezi wazoefu kwa ajili ya mlango ambao mwenye duka mwenyewe hakuufunga. Gratien alipewa miezi sita ya sursis: hatalala tena gerezani hata siku moja, ila akikosa tena ndani ya miaka miwili, miezi hiyo itamngoja. Félicien alipewa miezi mitatu ya kukaa kweli. Juge alisema ingekuwa sita, lakini mtu anayejitaja mwenyewe mahali ambapo hakuna anayeweza kumjua anastahili kupunguziwa. Libérat aliwaambia hayo kwa Kirundi, sentensi kwa sentensi.

Nje, Marie-Jeanne alikuwa amesimama karibu na ngazi akimngoja.

"Weye Libérat, ile neno ya mwisho, nani angekuuliza?"

"Hakuna muntu angeniuliza, Mama Félicien."

"Sasa juu ya nini ulisema?"

"Ni mutoto wako alisema. Alitaka juge asikie. Minye siwezi kumuchagulia maneno."

Marie-Jeanne alijifunga kitenge chake upya na kuondoka bila kuaga. Kwa zaidi ya mwaka mzima, hata kanisani Runingu, alipita mbele ya Libérat kama anayepita mbele ya mti.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua kutoka ofisini, ya kumkanya mkalimani kwa kusema bila ruhusa. Libérat aliisoma mara mbili. Alimwambia Kankindi kwamba kwenye mstari wa tatu kuna kosa la Kifaransa, akaikunja, akaenda kula. Hakuomba msamaha, na wala hakuna aliyerudi kumdai. Tangu siku ile Eugène alianza kumuuliza kabla ya kuandika neno lolote la Kirundi, hata majina ya watu.

Félicien alitumikia miezi yake akikata majani kando ya barabara za Uvira na wafungwa wengine. Alipotoka hakugeuka mtakatifu. Mara moja alipigana kwenye kilabu cha pombe na akalala chini ya ulinzi. Lakini duka la mtu hakuingia tena, na baadaye akajifunza kuezeka mabati kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kimanga. Gratien alirudi kwenye pamba, akaoa. Miaka yake miwili ilipita bila mtu kumtaja.

Mwaka 1957, asubuhi moja, Marie-Jeanne alifika nyumbani kwa Libérat. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na shemeji yake, mtu wa milimani asiyesema ila Kifuliiru. Alikataa kiti alichopewa na Kankindi. Akasema, akiangalia pembeni, kwamba karani amemwambia wakalimani sasa wako wawili, na yeye hamtaki yule mwingine, kwa kuwa ana tabia ya kufupisha.

Libérat akamwambia aje Jumatatu mapema, na atakaposimama mbele ya juge aseme polepole.