Ngozi Niliyoivaa Olumbi

Sikutungii hadithi. Anayebisha aje na wino, anipake kidole, ajionee mwenyewe.

Enzi za Mreno, vita vya ukombozi vimepamba moto, nilikuwa nasomea upelelezi wa jinai katika chuo cha polisi. Siku moja mwalimu wetu, Mreno asiye na subira, alitupeleka Olumbi, kijiji cha pwani. Bahari ilikuwa imetupa maiti ufukoni, na hakuna aliyemtambua. Tukaambiwa tuchukue alama zake za vidole.

Unajua maiti iliyokaa majini inavyokuwa? Ngozi ya mkono wa kulia ilivuka nzima pamoja na kucha, kama soksi. Mwalimu akanipa. "Vaa, upige alama."

Nikaivaa! Baridi, ina utelezi, inanuka mpaka kooni. Nikaipaka wino, nikaigandamiza kwenye karatasi, kisha nikatapika. Gumba lilikuwa na kovu lililokata michirizi katikati. Mwalimu akaitia ngozi kwenye chupa ya dawa, iwe ya kufundishia. Mkono uliochunika ukafungwa kitambaa, na waoshaji wakakatazwa kukifungua. Wakazika hivyo hivyo.

Kesho yake adhuhuri natawadha msikitini, mtu akachutama kando yangu, mkono wa kulia kauficha ndani ya kanzu. Harufu ile ile, niamini!

"Mwanangu, nimiminie maji," akasema, akautoa. Nyama tupu, nyeupe, inachuruzika. "Udhu haunishiki. Nirudishie changu nikasali."

Nilipoinua kopo, hakuna mtu. Sakafu ilibaki na utelezi.

Wewe ungefanyaje? Mimi niliiba ile chupa, nikampelekea mzee aliyemwosha.

"Astaghafirullahi! Mmetuzikisha mtu pungufu?" akafoka.

Tukafukua ubavuni mwa kaburi, tukamzikia ngozi yake. Hakunitokea tena.

Lakini juma lile lile mwalimu akatutaka kila mmoja apige alama zake mwenyewe. Gumba langu likatoa kovu. Nikanawa, nikarudia: kovu. Na kidole changu hiki hapa, tazama, hakina hata mchubuko! Chuo nikakiacha. Mpaka leo kitambulisho changu kina dole la marehemu, na wali nala kwa kijiko, maana mkono huu nikiusogeza mdomoni natapika.

Wewe unayesomea kazi hii, chukua alama uzitakazo, lakini mrudishie mtu ngozi yake kabla hajaoshwa. Siku ya Kiyama mikono itatoa ushahidi. Huu wangu utashuhudia madhambi ya nani?