Funga Tu

Jumamosi tulimzika fundi wangu wa lori, kwao Nyamira, na tangu nitoke kule sijapata raha. Wasomaji wangu mnajua nina lori kuukuu linalobeba ndizi kwenda soko la Daraja Mbili. Lilishazunguka nchi nzima kabla ya kunifikia, na marehemu alilijua kuliko mimi. Alitulaumu wenye malori bila kupepesa macho: injini ikichemka tunaijaza maji ya mtoni, tope linaziba rejeta inayopoza maji, joto linapanda tena, mpaka kichwa cha injini kinapinda. Gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya kichwa hicho, ikiungua tunanunua mpya na kumwambia fundi maneno tunayoyapenda sote huku: "Funga tu." Yaani usipime, usichonge, rudisha bolti gari liondoke. Hata maofisini tunafanya kazi hivyohivyo.

Mwaka jana nami nilimwambia hivyo. Akalaza rula ya chuma juu ya kichwa cha injini, akanionyesha mwanga ukipenya chini yake.

"Gasketi haina kosa, mzee. Chuma kimepinda. Nikifunga hivi nitakuwa nimekudanganya."

Alitaka siku tatu akipeleke kikachongwe. Mimi nilikuwa na ndizi za akina mama wa sokoni zinaiva. Nikapandwa na hasira, nikaita fundi mwingine, akafunga.

Wiki ya pili lori likazima njiani, pale Masimba, moshi mweupe umetanda, maji yamechanganyika na oili. Ndizi zikaoza. Akina mama wakauliza nani alitengeneza, na kabla sijajibu wakamtaja yeye, maana ndiye aliyejulikana kuwa fundi wangu. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, lakini kila siku iliyopita ilinibana zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na ule ukimya wenyewe. Wateja wakampungua. Uvumi ulimfikia, bado akalifungua lori langu, akakichongesha kichwa, na hakuniuliza chochote. Afadhali angenitukana.

Mazishini mjane wake alinishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, baba. Wengine walimtoroka, wewe ulibaki." Nikasema pole, mama, nikaenda kuketi na watu.

Basi nasema hapa: injini ile hakuifunga yeye. Aliyeamuru ni mimi. Ukiwa na neno la kumsafisha mtu jina, mwambie angali anasikia. Langu nimelitoa leo, na mwenyewe yuko chini ya udongo.